Fundi Amebaki Barazani

Jirani yangu ana duka la nyaya na taa, ukuta mmoja na karakana yangu hapa Wete, na kila nikipokea kijana mpya wa fildi, yaani mwanafunzi wa chuo aliyekuja kujifunza kazi, hutoka akasimama mlangoni kwake, mikono nyuma, akanicheka.

"Bi Fundi, ushafungua skuli tena?"

Nami humjibu kuwa skuli yangu inapokea hata wazee, aje aandikishwe. Tunacheka wote wawili, lakini mimi nacheka nusu. Nusu ya pili huwa nimeshakasirika.

Nakasirika kwa sababu najua anachokifikiri. Kwake yeye kijana wa fildi ni mzigo: atavunja vitu, atauliza maswali, atakunywa chai ya bure, na akishajua kazi atakwenda zake. Yeye akitaka mtu wa dukani hubandika karatasi mlangoni kuwa anahitajika kijana mwenye uzoefu. Uzoefu! Zamani neno hilo lilikuwa likinitoa machozi, na sasa linanitoa moshi puani. Kila mtu amtaka aliyekwisha kuzoea, na hakuna anayekubali mtu azoelee kwake. Ni kama mtu anayetaka tui zito kila siku lakini hataki kuona mbuzi ya kukunia nazi jikoni kwake. Basi nimeona niandike namna nilivyozoea mimi mwenyewe, na aliyenivumilia alipata nini. Jirani akitaka kusoma, nitampa bure.

Nilikuwa nimemaliza masomo chuo cha amali, nimesomea mafriji na viyoyozi. Kwetu Kiuyu hakuna aliyeelewa. Mama yangu alikuwa akiwaambia watu kisimani kuwa mwanawe anasomea barafu, nao wakimwombea dua nyingi, kila mmoja na yake. Kilichobaki ni jambo moja tu. Chuo kilitaka kila mmoja wetu afanye kazi miezi mitatu kwa mtu mwenye karakana, ndipo apewe cheti. Asiyepata pa kwenda angerudi kwao angojee mwakani. Na msichana wa kwetu anayengojea mwakani, mwakani yenyewe huja ikamkuta na mtoto mgongoni. Watoto ni neema, mimi ninao watatu na nawapenda hata wakinivunjia mita zangu, lakini nilitaka cheti kitangulie.

Nikahamia kwa mama yangu mdogo, hapa Wete, nikaanza kuzunguka. Nilikwenda kila mahali palipokuwa na friji limesimama mlangoni. Nikapanda gari nikaenda Chake Chake, nikazunguka huko pia mpaka kiatu kikafunguka mdomo. Mmoja aliniambia hana kazi ya kike. Mwengine aliniambia nirudi nikiwa na uzoefu, nikamwuliza niutoe wapi, akasema hilo si swali la kumwuliza yeye. Wa tatu, huyu alikuwa mpole, alisema, "Ntakupigia, mwanangu," na nambari yangu hakuichukua. Nilitoka kwake nimefurahi, nikafika stendi ndipo nikafahamu.

Aliyenionyesha njia hakuwa fundi. Alikuwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, ambaye mama yangu akinunua kanga kwake tangu sijazaliwa. Niliingia dukani kupisha mvua. Akaniuliza mbona uso umenikunjamana, nikamweleza yote pale pale, huku maji yananichuruzika.

"Nenda kwa yule fundi wa nyuma ya soko," akaniambia. "Asubuhi ana roho mbaya. Akisha kula mchana, ana roho nzuri. Wewe ulikwenda saa ngapi?"

"Sijakwenda kabisa, Mzee."

"Vizuri sana. Basi nenda baada ya adhuhuri. Na usimwambie umetoka kwangu, mimi namdai feni yangu."

Nikaenda baada ya adhuhuri. Fundi alikuwa mtu mwembamba, mvi zimeanza, miwani imefungwa waya mkono mmoja. Mwili wake wote ulikuwa mdogo isipokuwa sauti. Akisema "haya" ndani ya karakana, kuku wa jirani walitawanyika. Alisoma barua yangu ya chuo, akaigeuza, akasoma na nyuma pasipoandikwa kitu.

"Mtoto wa kike ntamweka wapi mie? Hapa hata choo cha maana hapana."

"Nyumba ya mama yangu mdogo ipo hapo nyuma, Fundi. Choo ntakwenda huko."

Akafikiri. Nadhani alikuwa amelitegemea sana lile jambo la choo, na sasa hakuwa na jengine.

"Haya," akasema, na kuku wakaruka. "Mpaka Ijumaa. Ijumaa nkiona hufai, huna haja ya kuniaga."

Jumatatu nikaanza. Nilifagia, nikasugua makabati ya mafriji ya watu kwa sabuni mpaka yakang'aa kuliko kazi yenyewe ilivyotaka, nikachemsha chai. Jumanne nilifagia tena, na jioni akanipa mita ya kupimia umeme niishike wakati yeye anatafuta bisibisi. Niliishika mita ile kwa mikono miwili. Alipoipata bisibisi akaichukua mita yake, mambo yakaisha. Nilirudi nyumbani nikimwambia mama mdogo kuwa kazi inaendelea vizuri, naye akaniambia mbona nanuka sabuni ya unga peke yake.

Jumatano simu ya Fundi ililia. Alikuwa mwanamke wa mtaa wa juu, anauza malai, yaani juisi za kugandishwa, na vipande vya barafu kutoka kwenye friza yake, na friza imezima tangu jana. Kila mtoto wa mtaa ule alimjua yeye na malai yake ya ukwaju. Friza ndiyo iliyokuwa shamba lake.

"Mumeo yupo?" Fundi akamwuliza.

Hayupo, yuko Unguja kazini.

"Ndugu yako mwanamume? Mtoto mkubwa?"

Hakuna. Fundi akashusha pumzi. "Haya, tutaona," akamwambia, na kwa sauti yake nikajua hatuoni kitu.

Asiyekuwa wa huku huenda asielewe, basi nieleze. Kwetu fundi mwanamume haingii ndani kwa mwanamke ambaye mumewe hayupo. Hata haombi. Mwanamke naye hamkaribishi, na hakuna anayeona vibaya, ndivyo heshima ilivyo. Kazi hungoja mpaka mume arudi, au kaka apite, au mjomba apatikane akae sebuleni. Mume aliyeko Unguja hurudi mwisho wa mwezi. Samaki wa ndani ya friza hawajui mwisho wa mwezi ni lini.

"Kazi ngapi zimenipita hivi hivi," Fundi akasema, akirudi kwenye kiti. "Nyumba nusu ya mji huu hazina mwanamume mchana. Wako baharini, wako shamba, wako Unguja."

"Fundi," nikasema, "mie naingia."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilikuwa nimefagia mbele yake tangu Jumatatu, lakini nahisi hapo ndipo aliponiona.

Tukaenda, yeye mbele na sanduku la vyombo, mimi nyuma. Njia nzima alinipa maagizo. Niingie, niitazame friza, nitoke nimweleze. Nisifungue kitu. Nimwambie tu inanguruma ama haingurumi, ina joto wapi, ina harufu gani. Yeye angekaa nje barazani. Tulipofika akaketi, akafungua sanduku, akanipungia mkono niende. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, nikaingia.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika, na wa kulaumiwa ni malezi mazuri.

Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mnene, mcheshi, na pamoja naye walikuwapo majirani wawili wamekaa mkekani wanasuka ukili wa mikeka. Nikawaamkia mmoja mmoja. Wakaniuliza hali, nami nikawauliza. Wakaniuliza natoka wapi, nikasema Kiuyu. Wakaniuliza wa Kiuyu hawajambo, nikasema hawajambo, wawasalimu. Wakaniuliza mimi ni mtoto wa nani, na hapo tukapanda nasaba, tukashuka, tukapanda upande wa pili, mpaka jirani mmoja akagundua kuwa bibi yake na bibi yangu walinyonya ziwa moja. Basi tena! Nikavuliwa buibui kwa nguvu, likatundikwa chumbani pamoja na mkoba wangu na simu yangu ndani yake, nikakalishwa katikati.

Mimi nimelelewa kuwa mgeni hasemi shida yake mpaka aulizwe. Na wao wamelelewa kuwa mgeni haulizwi shida yake mpaka ashibe. Mwenye nyumba hakumtarajia fundi yeyote siku ile, maana aliambiwa "tutaona". Aliona mbele yake mtoto wa kike ana adabu, katoka Kiuyu, na jambo lililompasa kulifanya lilikuwa moja tu. Akaleta muhogo wa nazi. Akaleta papa mkavu. Akaleta mkate wa kumimina. Akaleta sharubati ya ukwaju.

"Utusamehe, mwanangu," akasema, akinimiminia. "Leo haina ubaridi. Friza yangu imekufa tangu jana, na fundi hapatikani."

Hapo ndipo penyewe pa kusema. Nilifungua mdomo kabisa, nao jirani akautia kipande cha muhogo. Nilipokimeza, ikawa mwengine kaanza kusimulia arusi aliyoiendea Kiuyu zamani na namna mvua ilivyowachezea, na mtu mzima hakatizwi kauli. Nikajiambia subira huvuta heri. Nikala. Lazima niseme pia kwamba chakula kilikuwa kitamu sana.

Nje, jua lilikuwa limeshahamia barazani. Fundi alinipigia simu, nayo ikalia chumbani ndani ya mkoba ndani ya buibui, tukaisikia kwa mbali tukadhani ya jirani. Akangoja. Akasikia ndani watu wanacheka. Mtoto mmoja alitoka kwenda dukani, Fundi akamwuliza kunani ndani, akajibiwa, "Mgeni anakula." Akangoja tena. Mwisho sauti ile ikapita mlangoni, sebuleni, ikafika mkekani kwetu.

"HODI!"

Wanawake wakarukia kanga zao.

"Nani wewe?" mwenye nyumba akauliza.

"Fundi wa friza!"

"Mume wangu hayupo!"

"Najua hayupo! Namtaka mtoto wangu!"

"Mtoto gani?"

Halafu wote watatu wakanigeukia mimi, nimeshika kipande cha mkate wa kumimina, na nikahisi uso wangu unawaka mpaka masikioni.

"Mie ndiye nliyekuja kuitazama friza," nikasema.

Mwenye nyumba alinitazama, akaitazama sahani, akakaa chini akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Majirani wakacheka naye. Lakini adhana ya alasiri ilikuwa inakaribia na Fundi keshafunga sanduku lake, hakungoja zaidi. Nilivaa buibui njiani nikimkimbilia. Mwenye nyumba alikuwa amenipa sahani imefunikwa kawa, ya Fundi, na Fundi hakutaka hata kuiangalia.

"Nimekupeleka kutazama friza," akasema bila kugeuka, "kumbe umekwenda kuposwa?"

Nikaongeza hatua, sahani mkononi, lakini yeye akaongeza zaidi.

"Kesho usije."

Sahani ile tuliila mimi na mama mdogo. Yaani yeye alikula, mimi nililia. Nililia kwelikweli, kilio cha mtoto, kwa sababu niliona miezi yangu mitatu imeishia siku ya tatu, na cheti changu kimeliwa na mkate wa kumimina. Mama mdogo alinibembeleza kwa namna yake. Aliniambia kazi zipo nyingi, kisha akaniambia kuwa papa yule katiwa ndimu ya kutosha, nikamwulize yule mwanamke anaikamulia wakati gani. Nikalia zaidi.

Asubuhi ya Alkhamisi nilikuwa nakunja nguo zangu za kurudi Kiuyu niliposikia kuku wa mama mdogo wanatawanyika. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, na ilikuwa bado asubuhi, saa za roho mbaya.

"Yule mwanamke kanipigia tangu alfajiri," akasema. Alisema akiutazama mlango, si mimi. "Amtaka yule mtoto wa Kiuyu. Mwengine hamtaki. Njoo." Akaenda hatua chache, akageuka. "Na leo usile!"

Nilifika kwenye ule mlango nimejikaza. Ndani walikuwapo wote watatu, na uso wa mwenye nyumba tayari ulikuwa unacheka. Nikawaamkia, kisha nikasema maneno ambayo koo langu lilikuwa halijapata kuyatoa.

"Bi, leo nimekuja kazini. Mazungumzo na chakula, baada ya friza."

Nilidhani ataona nimemvunjia heshima. Yeye akapiga makofi.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Weye leo ndo siku ya pili, lakini jembe lichukue, mwanangu. Lichukue!"

Friza ilikuwa chumba cha mbele, kilichopakana na baraza, na juu ukutani palikuwa na kidirisha cha mbao kisichofikika kwa kichwa cha mtu. Fundi akaja chini ya kidirisha kile kwa nje. Simu hakuitaka. Mtu mwenye sauti kama ile simu ya nini?

"Chomoa plagi!" akaanza.

"Nimechomoa!"

"Kachomoa!" majirani wakamhakikishia, wakiwa wameacha ukili wao na kusimama nyuma yangu.

"Ivute itoke ukutani!"

Tukaivuta wanne. Ilikuwa imegandamizwa ukutani, na mgongoni pamejazwa magunia na mikeka mibovu. Nilipoitoa mikeka ile, joto lilinipiga usoni kama la tanuri.

"Fundi! Ilikuwa haipumui! Mgongo wote umezibwa magunia!"

Sauti ya nje ikashuka.

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona mwenyewe!"

"Haya!" Na kwa "haya" ile nikahisi nimekuwa mrefu kidogo.

Akaniambia nifungue kifuniko cha chini, nikafungua kwa bisibisi aliyonipa. Akaniuliza kama naiona kompresa, ule mtungi mweusi, nami nikamwambia kompresa naijua, nimeisomea. Majirani wakaambiana kuwa anaijua, kaisomea. Akaniambia ubavuni mwake kuna kidude cheusi kimechomekwa, ndicho kinachoiamsha kompresa, nikichomoe nikitikise karibu na sikio.

"Kinalia?"

"Kinalia kama njuga!"

"Kinalia!" wakaitikia wote watatu.

"Basi kimekufa! Kizima hakilii!"

Wakati huo nje palishakusanyika watu. Muuza kahawa alikuwa ametua birika lake. Watoto wa skuli wa zamu ya mchana walijipanga ukutani, na kila Fundi akisema jambo walilirudia kwa sauti moja, ikawa kama tuko darasani mimi na mtaa mzima. Mtu mmoja akauliza nani mgonjwa humo ndani. Akajibiwa ni friza, inafanyiwa upasuaji.

Kidude kipya Fundi alikuwa nacho sandukuni. Taabu ikawa kukipitisha. Mlangoni angeweza kumpa mtoto yeyote akilete, hata leo sijui kwa nini hakuna aliyelifikiria hilo. Nadhani tulikuwa tumeshanogewa na kidirisha. Jirani mmoja akachukua ukili wake, ule msuko mrefu aliokuwa akiusuka tangu jana, akapanda kwenye stuli, akauteremsha nje kwa kidirisha. Fundi akakifunga kile kidude kwenye ncha. "Vuta!" akasema. "Vuta!" wakasema watoto. Akavuta, nacho kikapanda taratibu ukutani, kikaingia ndani, kikatua mkononi mwangu. Watoto wakapiga kelele kama wamefunga goli.

Nikakichomeka mahali pake. Nikarudisha kifuniko. Mwenye nyumba alinifuta jasho la kipaji cha uso kwa kanga yake. Huyu mwanamke alikuwa hajauza malai tangu juzi, na samaki wake wawili wakubwa walikuwa wameshaanza kulegea. Nilipokamata plagi nilisoma Bismillahi, nikaichomeka.

Haikufanya kitu. Pumzi moja, mbili. Halafu mtungi ule mweusi ukatikisika, ukakohoa, ukaanza kunguruma, sauti nene, ya sawasawa, nzuri kuliko sauti nyingi nilizopata kuzisikia.

Wale wanawake watatu wakapiga vigelegele. Si kidogo, vya arusini hasa. Mwenye nyumba alinikumbatia, akaikumbatia na friza. Na nje Fundi, masikini, hakuwa akisikia chochote isipokuwa vigelegele, akawa anaruka chini ya kidirisha akipiga kelele.

"Nini? Inanguruma ama haingurumi? Jamani! Inanguruma?"

Vigelegele vilimmeza. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja.

Siku ile nilikula, na Fundi akala, sahani yake ikatoka nje barazani, na hii hakuikataa. Tulirudi karakana, yeye mbele, mimi nyuma. Sanduku la vyombo alilibeba mpaka nusu ya njia, kisha akanipa mimi. Mtu mwengine angeona kachoka. Mimi nilimwona alivyoliweka mkononi mwangu, nikalibeba mpaka mwisho, na uzito wake sikuuhisi.

Jirani yangu wa nyaya husema kijana wa fildi huchukua na hatoi. Huo ni uongo, na nauita uongo kwa jina lake. Fundi yule alikuwa na miaka mingi kazini, anajua kila ugonjwa wa friza, na nusu ya mji ilikuwa imefungwa mbele yake. Hakujua kwamba ufunguo utakuja kwa miguu na kiatu kilichofunguka mdomo. Wala mimi sikujua kama ninao. Darasani hakuna aliyenifundisha kuvuta friza ukutani, wala kusema na mtu mzima kwanza kazi, chakula baadaye. Hayo niliyafahamu kwa sababu mtu mmoja alikubali kukaa juani barazani kwa ajili ya kosa langu, kisha akakubali kukaa tena.

Ijumaa ikaja. Karakana haikufunguliwa mpaka baada ya sala. Nilivaa buibui langu zuri, nikafagia ingawa palikuwa safi, nikachemsha chai nikaiunga mdalasini. Fundi alikuja na kanzu yake ya msikitini, akakaa, akaanza kufungua feni moja ya zamani. Ilikuwa ile ya mzee wa vitambaa. Nikamwekea kikombe chake, nikakaa na changu, nikangoja aseme. Alikuwa amesema Ijumaa nikionekana sifai nisimuage. Sasa nilikuwa sijui kama ule unyamavu wake ndio kwaheri yenyewe, ama anatafuta parafujo. Nilijiambia nikimaliza chai hii na hajasema kitu, nitaosha vikombe nitoke kwa adabu. Basi nikawa nainywa kidogo kidogo isiishe.

Simu yake ikalia. Akaipokea huku bado kashika bisibisi.

"Waalaikumu salaam. Ndiyo, ndo mimi... Friji? Tangu lini?... Mumeo yupo?" Akasikiliza. "Hayupo. Haidhuru, hakuna neno. Fundi yupo, anakunywa chai. Akimaliza atakuja."

Nikageuka mlangoni kumtazama huyo fundi aliyeingia. Mlangoni hapakuwa na mtu. Karakana nzima tulikuwa wawili, na mmoja wetu kikombe chake kilikuwa bado kimejaa, hajakigusa.

Fundi akakata simu, akalisukuma sanduku la vyombo kwa mguu mpaka likagusa kiti changu, akarudi kwenye feni yake. Chai ilikuwa bado ya moto, nikainywa yote, taratibu, naye akaningoja.